Vitambaa vya Bluu Kwenye Madumu ya Getini

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kikosini alinipigia simu. Tulisalimiana, shikamoo na marahaba, akaniulizia hali ya magoti yangu, kisha akasema lililomfanya apige. "Afande, haya madumu ya getini yana vitambaa vya bluu kwenye vishikio. Vimechakaa mno. Kuna wageni wanakuja, tumeambiwa tusafishe geti. Tuvitoe tu?"

Nilimwambia nitampigia. Sikumpigia. Siku tatu nilizunguka na lile swali humu ndani, nikipika nalo, nikilala nalo, mwishowe nikaona jibu lake haliwezi kupita kwenye simu. Ndiyo maana naandika. Nawaandikia nyinyi mlioko kambini sasa hivi, mnaotoka Jumamosi mkinukia sabuni. Kama unasoma haya na pasi ya kutoka iko mfukoni, kaa chini kwanza. Huko unakokwenda hakuhami.

Naitwa Zuhura Kondo, sajinitaji mstaafu. Mlioingia karibuni mnanijua kwa kusikia tu, tena mnasikia mabaya, na mengi ni ya kweli. Nilizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, na nimerudi kuzeekea kwenye nyumba ileile ya marehemu baba. Vyumba vya mbele tumewapangisha wauza mabegi, mimi nakaa uani. Kazi yangu jeshini ilikuwa na jina refu kwenye makaratasi, jambo la kuzuia ajali za askari walio nje ya zamu. Kwa maneno ya kawaida, nilitakiwa kuhakikisha kwamba aliyetoka Jumamosi na miguu miwili anarudi na miguu miwili. Miaka kumi na minane nilikaa kwenye lile dirisha la getini, mbele yangu kitabu cha kutokea: jina, namba, unakokwenda, sababu, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Aliyetaka kutoka alikuwa lazima apite kwenye kalamu yangu.

Watu wa mtaani wakisikia askari kafa wanafikiria bunduki. Wale niliowasindikiza mimi makaburini walikuwa wamekufa wakiwa wamevaa kiraia. Mmoja alipanda bodaboda mshikaki, watu wanne juu ya pikipiki moja, wakitoka harusini Ilala. Mwingine alikuwa na kofia kabisa kichwani, kofia nzuri aliyoinunua mtumba Mchikichini, ikapasuka kama ganda la yai. Tangu siku hiyo nawaambia vijana: kofia ya mtumba usiijaribu kichwani tu. Vua kile kitambaa cha ndani uangalie lile povu gumu jeupe. Ukikuta ufa, iache, kuna mtu ameshaanguka nayo. Muuzaji atakuapia kuwa ni ya Ulaya. Hata huko Ulaya watu wanaanguka.

Aliyenifundisha dirisha ni marehemu Sajinitaji Nyoni, mtu wa Songea, mfupi, asiyecheka ila akikosea mkubwa. Siku yangu ya kwanza alinikuta nawakodolea macho askari kwenye foleni. Akanivuta pembeni.

"Zuhura, unatafuta nini usoni kwa watu?"

"Naangalia kama anasema kweli, afande."

"Uso wa askari umefundishwa kudanganya, tena tumeufundisha sisi wenyewe. Angalia miguu."

Dakika ileile akaja koplo mmoja, kasimama wima, anaomba ruhusa ya kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa. Nyoni akachungulia chini ya dirisha. Koplo alikuwa amevaa njumu.

"Shangazi yako," Nyoni akamuuliza, "anacheza namba ngapi?"

Foleni nzima ilikufa kwa kicheko. Nyoni akamwandika kwa kalamu yake mwenyewe: Jangwani, mpira. Akamwachia aende, ila akamwamuru afunge kifundo cha mguu bandeji kwanza, kwa sababu kile kiwanja kikinyeshewa kinakuwa utelezi mtupu. Kumbukeni hapo: alimwachia aende. Mimi niliondoka na lile somo la miguu, hili la pili likanipita.

Miguu nikaisoma vizuri mno. Aliyevaa raba mpya ana miadi na msichana. Aliyevaa ndala na suruali ya kukunjika anakwenda baharini. Na anayekwenda Kariakoo kweli huvaa viatu vya kufunika, tena anakaza kamba, kwa sababu sisi wa kule tunajua: mkokoteni ukikupita juu ya kidole, mwenye mkokoteni ndiye atakayekutukana. Hakuna mtu mwenye akili anayeingia Kariakoo siku ya Jumamosi na kandambili.

Niwaambie habari ya bafu, mcheke kidogo, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Kuna mwaka askari wetu walianza kuvunjika wakiwa bafuni. Huyu mkono, yule goti, mwingine meno mawili ya mbele. Zahanati ya kambi ikauliza, kila mmoja anajibu: niliteleza bafuni, afande. Taarifa zikapanda juu, wakubwa wakashtuka. Akaletwa fundi, sakafu ya bafu ikachimbwa, ikamwagwa zege la kukwaruza mpaka miguu ikawa inatoka damu ukioga. Mwezi uliofuata wakavunjika wengine watatu bafuni, na mmoja kati yao ilikuwa siku ambayo maji yalikatika kambi nzima. Ukweli ni kwamba walikuwa wakivunjikia kwenye mpira, kwenye bodaboda, kwenye baa. Lakini aliyesema baa alifungiwa kambini mwezi, na aliyesema bodaboda alikula doso, adhabu za kutoa jasho. Aliyesema bafuni alipewa panadoli na pole.

Tulicheka sana na Nyoni. Kisha akaacha kucheka ghafla, akasema, "Tumetengeneza bafu zuri kwa sababu watu wanatuogopa. Siku moja tutatengeneza kaburi." Wiki chache baadaye alistaafu, akaniachia dirisha.

Akaja mkuu mpya. Hakuwa mtu mbaya, alipenda kikosi. Aliweka ubao mkubwa getini, umeandikwa kwa rangi nyekundu siku zilizopita bila ajali, na kila asubuhi mimi ndiye niliyebadilisha tarakimu. Akaniambia, "Sajini, nataka ubao huu usirudi sifuri." Wakati huo askari wawili walikuwa wamenusurika kuzama Kigamboni, kwa hiyo akapiga marufuku bahari. Anayetaka kuogelea asubiri mazoezi ya kikosi. Nikaisimamia ile marufuku kwa moyo wote. Aliyeniandikia bahari nilimnyima pasi. Aliyerudia nilimtoa jasho.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Ndani ya miezi miwili hakuna aliyekwenda baharini. Kwa mujibu wa kitabu changu, kikosi kizima kilikuwa kinakwenda Kariakoo. Kariakoo, mahitaji. Kariakoo, kununua soksi. Kariakoo, kurekebisha simu. Kwa zile soksi tungeweza kuvalisha nchi jirani. Ubao ukapita siku mia, mkuu akanisifu mbele ya gwaride, na mimi nikavimba kichwa.

Sasa nifike kwa Issa.

Praiveti Issa Chilumba alikuwa mtoto wa Newala, mrefu, mwembamba, ana pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Jumamosi moja alifika dirishani, akapiga mguu chini.

"Jambo, afande!"

"Jambo. Wapi?"

"Kigamboni, afande. Kuogelea."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Rudia."

"Kuogelea, afande. Najua imekatazwa, naomba kibali. Mimi bahari nimeiona ukubwani, na naona aibu, askari gani hajui maji. Kuna fundi wa boti kule Mji Mwema anatufundisha mimi na Deus. Tunaishia maji ya kifuani tu. Na dumu tunalo." Akaniinulia dumu tupu la mafuta ya kula, la lita ishirini, mfuniko umekazwa kwa mpira wa tairi, kishikio kimefungwa kamba ndefu safi.

Wanangu, katika miaka yote ile hakuna askari aliyewahi kusimama mbele yangu amejiandaa namna ile. Alikuwa na mwalimu, alikuwa na mwenzake, alikuwa na kifaa cha kuokolea, na alikuwa anasema kweli. Kila kitu nilichopaswa kuwafundisha wengine alikuja nacho mkononi.

Nikacheka. Niliwaita walinzi, "Njooni mmwone samaki wa Newala! Kwenu maji ya kunywa mnafuata bondeni, leo unataka kuogelea bahari?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwamuru azunguke mlingoti kichurachura, dumu kichwani, huku anasema mimi ni samaki. Alizunguka. Mara ya tatu dumu likamponyoka, likabingirika hadi mlangoni kwangu, nikalichukua nikaliweka chini ya meza. Nikamwambia limetaifishwa.

Deus, rafiki yake, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alipofika dirishani akaandika: Kariakoo, mahitaji. Nikampa pasi.

Jumamosi iliyofuata wakaja wote wawili. Deus akaandika mahitaji kama kawaida yake. Issa akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wa kunyooka, kama mtu anayeandika mtihani: Kariakoo, kitenge cha mama.

Nikamtazama. "Umeacha usamaki?"

"Nimeacha, afande."

"Kitenge cha rangi gani?"

Akasita kidogo. "Bluu, afande. Mama anapenda bluu."

Nikainama kama ninayeokota kalamu, nikachungulia chini ya dirisha. Alikuwa amevaa kandambili.

Hili sijaliandika popote mpaka leo. Niliona kandambili. Niliona za Issa na niliona za Deus. Mimi mzaliwa wa Mtaa wa Narung'ombe nilijua kabisa kwamba wale vijana hawaendi Kariakoo. Lakini kitabu kilikuwa kimeandikwa vizuri, ubao ulikuwa unapanda, na nyuma yao kulikuwa na foleni. Nikasaini. Saa tatu asubuhi, kurudi saa kumi jioni.

Saa kumi ikafika, hawapo. Saa kumi na moja, hawapo. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: askari akichelewa, anatafutwa pale alipoandika. Nikamchukua mlinzi mmoja, tukaenda Kariakoo.

Nilizunguka maduka ya vitenge duka hadi duka. Niliuliza, "Kuna kijana mrefu, ana pengo la meno, amekuja kununua kitenge cha bluu?" Wauzaji wanaonijua tangu utotoni wakaniambia, "Zuhura, tangu asubuhi tumeona watu elfu, wewe unauliza pengo?" Nikaenda duka lingine. Kitu ndani yangu kilikuwa kinaniambia panda pantoni uende Kigamboni, na mimi nikawa nakijibu: imeandikwa Kariakoo. Ningepiga simu kambini kusema nendeni baharini, ningekuwa nimesema kwamba nilijua. Kwa hiyo niliendelea kutafuta mtu mahali ambapo nilijua hayupo. Nilipoteza karibu saa nzima.

Tulirudi kambini jua linazama. Deus alikuwa amesimama nje ya geti, peke yake, hawezi kuingia wala kuondoka.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Tumepotezana Kariakoo, afande."

Nikaangalia miguu yake. Mchanga ulikuwa umeshika mpaka kwenye ugoko, mweupe, umekaukia. Aliona ninachoangalia, akakaa chini palepale na kulia kama mtoto.

Alichonieleza ni hiki. Kwa fundi wa boti hawakwenda, kwa sababu pale panapita watu wa kambini na wangeonekana. Walitafuta sehemu isiyo na watu. Dumu hawakuwa nalo. Issa aliingia maji ya kifuani kama alivyofundishwa, bahari ikaanza kuvuta, naye akapambana kurudi moja kwa moja ufukweni mpaka nguvu zikamwisha. Wanangu, bahari ikikuvuta usishindane nayo. Ogelea sambamba na ufukwe, upande wowote, mpaka mvuto uishe, ndipo uingie. Ukiona huwezi, lala chali uelee, inua mkono mmoja, ngoja. Fundi alikuwa hajafika kwenye somo hilo. Deus alisimama ufukweni mikono mitupu. Kama angekuwa na kitu cha kurusha, angerusha.

Watu wa boti iliyokuwa ikipita walimtoa Issa. Alikuwa hai. Walimpeleka zahanati ya jirani, wakamuuliza Deus, "Huyu nani yako?" Deus akasema hamjui. Vitambulisho vyote viwili vilikuwa mfukoni mwake. Alijua akisema sisi ni askari, kambi itapigiwa simu, na kitabuni kimeandikwa Kariakoo. Akaondoka. Alipanda pantoni, akashuka Magogoni, akakaa pale mchana kutwa anaangalia watu wanavyovuka.

Pale zahanati walimhudumia kwa walichokuwa nacho, na wakatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa, wasilipate. Yeye hana jina, hana ndugu, simu ya kupiga hakuna. Kambini kwetu gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa kivulini na mtungi wa oksijeni ndani, dereva anacheza bao. Tulipofika Kigamboni na gari hilo, adhana ya isha ilikuwa imeshamalizika. Muuguzi alituambia ametoka kumfunika. Nilimshika mguu. Ulikuwa bado na joto, na kandambili moja ilikuwa bado imening'inia kwenye kidole.

Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda asingepona hata tungewahi. Nimelala na hiyo "huenda" yake kila usiku tangu siku ile.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku moja. Likaandika kwamba marehemu alitoa taarifa ya uongo kuhusu alikokwenda. Nikaletewa nisaini kama shahidi, nikasaini. Deus alifungwa, kisha akaachishwa jeshi. Mimi sikuulizwa kitu kuhusu kandambili, kwa sababu miguu haina nafasi kwenye kitabu. Mkuu alisikitika sana. Kesho yake nilifuta tarakimu ubaoni, nikaandika sifuri, na ubao wenyewe ukabaki palepale.

Mama yake alifika kutoka Newala siku ya pili, na mjomba mmoja na mfuko wa korosho aliokuwa amemwandalia mwanawe kabla hajasikia habari. Alikuwa rika langu. Hakupiga kelele. Aliomba kuona mahali alipopita mtoto wake mara ya mwisho, nikamleta dirishani. Akaomba kuona alichoandika. Macho yake yalikuwa hayaoni herufi ndogo, akanisogezea kitabu.

"Nisomee, dada."

Nikamsomea. Kariakoo, kitenge cha mama.

Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu, "Kwa hiyo alinikumbuka? Kiko wapi?"

Nikamwambia kiko ofisini, tumekihifadhi, nitamletea kesho. Maneno yalitoka yenyewe, nilishazoea. Asubuhi na mapema nilikwenda lile duka la kwanza nililouliza siku ile, nikachagua kitenge cha bluu, kizuri kuliko vyote, doti nzima. Nikakikunjua nikakikunja tena ili kionekane kimeshashikwa. Nikampelekea.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakipapasa, akakinusa, akakiweka mapajani.

"Dada," akasema, "Issa anajua mimi sivai bluu. Tangu nifiwe na baba yake sijavaa bluu. Akilini mwangu ndiyo rangi aliyozikwa nayo. Issa anajua hilo tangu mdogo." Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. "Ahsante kwa moyo wako. Sasa niambie mwanangu alikwenda wapi."

Nikamwambia. Nilimwambia bahari, fundi wa boti, pantoni, zahanati. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo baraza zima halikuuliza.

"Huyu mtoto hakuwa mwongo. Kwa nini aliandika uongo?"

"Kwa sababu siku aliyoandika ukweli nilimcheka," nikasema. "Nilimrukisha kichura mbele ya watu. Dumu lake la kujiokolea ninalo mimi. Liko chini ya meza yangu."

"Nilione."

Nikalitoa. Aliishika ile kamba, akakagua fundo moja baada ya jingine. "Hili fundo nilimfundisha mimi," akasema, "la kufungia ndoo ya kisimani." Hapo ndipo alipolia. Na mimi nililia, nikiwa na kombati na vyeo vyangu begani, mbele ya walinzi.

Alipokuwa anaondoka alinirudishia kitenge. Alisema hawezi kukipeleka nyumbani na hawezi kukitupa. "Kaa nacho wewe. Utajua cha kufanya."

Sikujua kwa muda mrefu. Nilichojua ni kwamba dumu lile haliwezi kurudi chini ya meza. Nilimwendea mkuu, nikamweleza habari yote, pamoja na kandambili. Nilitegemea kuvuliwa vyeo. Alitoka nje mwenyewe, akaushusha ule ubao. Hatukuwa na maneno mengi baada ya hapo. Tulikubaliana jambo moja: aliyeandika kweli anakokwenda haadhibiwi kwa kuandika. Anaulizwa unakwenda na nani, unajua nini, umebeba nini. Anayekwenda baharini anachukua dumu getini na kamba yake, na mwenzake anabaki nchi kavu amelishika. Akirudi analirudisha. Tukaandaa madumu sita. La Issa ni lile la manjano lenye mpira wa tairi, na mkiangalia vizuri mtaona fundo lake bado lipo.

Mwezi wa kwanza kitabu kilitisha. Bahari, bahari, baa, bodaboda kwenda Mbagala, bahari. Luteni mmoja kijana alikuja anahema, "Sajini, nidhamu imeporomoka!" Nikamwambia, hapana afande, ndiyo kwanza tunaiona. Ajali hazikuisha, msije mkadhani hii ni hadithi ya ushindi. Niliendelea kuzika. Lakini niliowazika baada ya hapo nilijua walikokuwa, na wenzao walipiga simu.

Deus anauza raba Mchikichini. Nikipita ananiamkia, ananitolea jozi nzuri kuliko zote, haniangalii usoni. Nami namwangalia miguu, mazoea mabaya. Hajarudi Kigamboni tangu siku ile. Nilimwambia mara moja kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Akajibu, "Najua, afande. Lakini la pili ni langu."

Kitenge nilikichana vipande mwaka mmoja baadaye, siku madumu mawili yalipochanganyika na madumu ya jikoni na kijana akaondoka na dumu lisilo na mfuniko. Nilitaka alama ambayo mtu hawezi kukosea. Nilifunga kipande kwenye kila kishikio kwa mkono wangu. Nilimpigia mama yake Newala, nikamwambia. Akasema, "Vizuri. Kwenye maji bluu haionekani, lakini mkononi itaonekana."

Kwa hiyo, kijana uliyenipigia simu, jibu lako ni hili. Kama vimechakaa, vifungue, wala sitakasirika. Lakini usiyaache madumu matupu. Nusu ya kile kitenge bado iko kwenye sanduku langu. Njoo uchukue, wewe na mwenzako, Jumamosi yoyote, nyumba ni ile yenye wauza mabegi mbele, piteni hadi uani. Vaeni viatu vya kufunika. Na dirishani mkiulizwa mnakwenda wapi, andikeni Kariakoo, kitenge.